Kipindi Kizuri Kinasimamisha Cherehani

Mimi si mwandishi wa habari na utangazaji sijausomea. Ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili za kukanyaga na ovaloki moja ya umeme kwenye kibaraza hapa Himo, nyuma kidogo ya soko, upande wa barabara inayokwenda Holili. Redio inawashwa nikifungua mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi, inazimwa nikifunika cherehani: saa moja usiku siku za kawaida, saa tano kama Jumapili kuna kipaimara na watu wameleta vitambaa Alhamisi. Miaka kumi na tisa sasa. Watu wa redioni nimewasikia wakiongea kuliko nilivyowasikia wanangu mwenyewe. Kwa hiyo maoni yangu juu ya vipindi vya mazungumzo ni ya mteja: betri nanunua mimi, vocha naweka mimi, na mara moja nimelipa suruali ya mtu.

Hiyo suruali niimalize kabisa. Mwalimu mmoja aliniletea kitambaa cha kijivu. Siku hiyo redioni walikuwa wanajadili kama mwanamke aliyejenga na mumewe kwenye kiwanja cha baba mkwe ana chake pale mume akifariki. Huku kwetu, kwenye vihamba, mashamba ya ukoo, hiyo si mada, ni moto. Nikawa nakata huku nasikiliza. Nilipokuja kuunganisha nikakuta nina miguu miwili ya kushoto. Nilirudi dukani nikanunua kitambaa kingine kwa hela yangu, na mwalimu hajui mpaka leo.

Tangu siku hiyo nina kipimo. Kipindi cha muziki kinakimbiza mguu. Taarifa ya habari inauacha ulivyo. Kipindi cha mazungumzo kikiwa kizuri, mguu unasimama wenyewe juu ya kanyagio, sindano imebaki ndani ya kitambaa, na Neema, binti ninayemfundisha kazi, hasemi kitu kwa sababu na yeye kasimama. Kikiwa kibaya, nashona vizuri sana. Kuna asubuhi nimemaliza sketi nne za shule kabla ya saa nne, nikajua leo hapakuwa na kipindi.

Nianze na chombo chenyewe. Ni redio ndogo ya Kichina ya shilingi elfu ishirini na tano, niliinunua Moshi karibu na stendi. Inachukua betri, inachukua umeme, ina tundu la flashi, na ina tochi ambayo huoni faida yake mpaka umeme ukatike sindano ikiwa mkononi. Antena ilivunjika mapema. Neema akaunga waya wa mwamvuli uliokufa, na sasa inashika kuliko ile ya kiwandani. Mshale wa stesheni ni mwongo, usiufuate, fuata sikio. Besi hakuna kabisa, jambo ambalo kwa muziki ni hasara na kwa maongezi ni faida, maana sauti ya mtu inatoka kavu, kama amekaa kwenye benchi la wateja. Watu wananiambia nisikilizie kwenye simu. Simu inakula bando, na wateja wanapiga mada ikiwa imefika penyewe. Isitoshe, mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipokatika nchini, simu yangu iligeuka kioo cha kujitazamia. Redio ya mwamvuli iliendelea kuongea.

Raha ya kukaa Himo ni kwamba mpaka wa Kenya uko karibu. Ng'ambo ya Holili ni Taveta, na Jumatano na Jumamosi, siku za soko la kule, nusu ya wateja wangu hawapo. Wakirudi wanarudi na leso, ambazo wakishavuka tu zinakuwa kanga. Na maneno nayo ni hivyo hivyo. Mtangazaji wa huku atakuambia simu ya mkononi, wa kule simu ya rununu. Huku televisheni, kule runinga. Mimi nimezoea kuzungusha kitufe kidogo au kumwambia Neema atafute kwenye simu ya kule, halafu nikalinganisha, kama anayepima kitambaa cha maduka mawili.

Mpigaji wa huku anaanza na salamu. "Haloo, habari za hapo studio? Mimi naitwa baba Fulani, napiga kutoka Mwika. Kwanza niwapongeze kwa kipindi kizuri. Pili nimsalimie mke wangu popote alipo, nimsalimie mwenyekiti wa kitongoji, nimsalimie..." Mtangazaji anapiga kelele: "Hoja, mzee, hoja!" Mzee anapoifikia hoja, vocha imekata. Vijana wanacheka. Mimi sicheki sana. Sisi tumekua na kadi za salamu: unanunua kadi, unaandika majina ya ndugu na marafiki, unaituma, halafu unakaa wiki nzima sikio liko redioni kusubiri jina lako lisomwe. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kufika hewani akapita mikono mitupu. Hata hivyo dakika ni dakika. Mtangazaji hodari huwa anazipokea zile salamu zote kwa sentensi moja, "Tumewasalimia wote wa Mwika, mzee, sasa tuambie," na mzee anaingia kwenye hoja bila kuona aibu. Wanaolijua hilo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mpigaji wa kule anaingia hewani kisu kimeshatoka alani. "Mimi nataka kumuuliza huyu mheshimiwa, hizo pesa zilienda wapi?" Hakuna shikamoo, hakuna pongezi. Juni 2024, muswada wao wa fedha ulipotaka kuweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, sikushona kitu wiki nzima. Walikuwa wanapiga mama wauza chai, wanapiga makondakta, wanaeleza slesi moja moja: mkate mmoja una slesi ngapi, watoto ni wangapi, baba anaondoka na ngapi. Hesabu ya bajeti nimeielewa pale kuliko kwa mchambuzi yeyote mwenye shahada. Pendekezo la mkate liliondolewa, moto haukuzimika. Tarehe 25 vijana wakaingia bungeni Nairobi, watu wakafa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatii saini. Neema akaniuliza, "Mama, na sisi mkate wetu ukipandishwa hivyo, tutapiga simu wapi?" Nikamwambia apige pasi kwanza.

Maana mpigaji wetu akishamaliza malalamiko yake ya maji anafunga kwa kusema tunaiomba serikali yetu sikivu ituangalie kwa jicho la pekee. Silaumu. Kila mtu anajua nyumba yake inaingiwa kwa mlango gani. Ila kama fundi nasema huo ni mshono wa juu juu, haufiki kwenye bitana.

Vipindi vya kusoma magazeti asubuhi nitavipita haraka. Zamani mtangazaji alikuwa anaingia mpaka kurasa za ndani, unapata habari nzima hujatoa hata mia. Mwaka 2017 likatoka agizo la serikali kwamba redio na televisheni zisome vichwa vya habari tu. Sasa unasikia vichwa kumi vikali, vya watu kumi waliofanya jambo ambalo halisemwi. Mimi nikaanza kununua gazeti moja kwa wiki, nalo naishia kukatia paterni.

Kuna watu wanadhani redio ya mazungumzo ilianza na simu za kupiga studio. Haikuanza hapo. Mama yangu alikuwemo kwenye vikundi vya Mtu ni Afya, mwaka 1973, mimi sijazaliwa. Radio Tanzania inarusha somo, watu wamekusanyika kwenye nyumba moja yenye redio, likiisha wanazima na kujadiliana wenyewe: maji mnachota wapi, choo kiko wapi, nani mtoto wake anaharisha. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Choo cha nyumbani kwetu kilichimbwa na majadiliano hayo, na mama alikuwa akisema baba alikichimba kwa hasira kwa sababu aliyemtaja kikundini kwamba hana choo ni shemeji yake. Hapo redio ilisema kidogo, watu wakasema sana. Siku hizi mara nyingi ni kinyume.

Baba yeye alikuwa mtu wa redio ya Kenya. Jioni mawimbi ya kati yakishika vizuri alikuwa anatafuta idhaa ya Kiswahili ya kule, na sauti ambayo mimi niliijua kabla ya kujua kusoma ni ya Leonard Mambo Mbotela. Kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza mwaka 1966, na kwa miaka mingi hakikuwa na mgeni wala mtaalamu. Alikuwa anasimulia tu jambo: mtu amealikwa harusini peke yake amekwenda na watu watano, mtu anatafuna chakula mdomo wazi mbele za wageni, mtu anabisha hodi saa ya chakula kila siku. Halafu anauliza, je, huu ni ungwana? Basi. Anakuachia. Baba alikuwa anajibu kwa sauti kana kwamba Mbotela anamsikia, na mama anajibu jibu tofauti, na chakula kinapoa. Huyu ndiye mtu ambaye asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walimfuata nyumbani wakampeleka studio atangaze kwamba serikali imepinduliwa, kwa sababu walijua watu wakiisikia sauti hiyo wataamini. Amefariki Februari 2025. Niliisikia habari hiyo nikiwa napima shingo ya mteja, nikasahau namba, nikapima tena.

Kwa wa sasa wa kule, wateja wangu wa Taveta ni watu wa Patanisho ya Radio Jambo, asubuhi, kwa Gidi na Ghost. Huyo Ghost ni yule yule Mulee aliyeipeleka Harambee Stars Kombe la Mataifa ya Afrika Tunisia mwaka 2004, kwa hiyo ni mtu aliyezoea kutuliza wachezaji. Mpango wenyewe ni mwepesi: umekosana na mwenzako, unaandika kisa, wanakupigia, halafu wanampigia uliyemkosea, mnaunganishwa nchi nzima ikiwa kimya inasikiliza. Nimeona kanuni moja. Anayeomba kupatanishwa husema kosa lilikuwa dogo. Mwenzake akipatikana, kosa linaota miguu. Alisema ni meseji tu, kumbe kuna nyumba ya pili. Alisema aliondoka kwa hasira, kumbe aliondoka na godoro.

Mguu unasimama? Unasimama, siwezi kudanganya. Na kuna asubuhi mtu anaomba msamaha wa kweli, sauti inatetemeka, mpaka Neema anajifuta macho kwa kipande cha kitenge cha mteja. Lakini kwa vipindi vya namna hiyo vyote, vya kule na vya huku, nina shaka moja ambayo hainitoki. Yule wa pili amepigiwa simu yuko kazini, au yuko kwa daktari, au anakamua ng'ombe. Hakujipanga. Nguo ya mtu haipimwi barabarani. Mshitaki amekaa siku tatu anatunga maneno, mshitakiwa ana sekunde tatu, na kicheko cha studio kiko tayari. Mimi ningetaka wampigie kwanza pembeni, wampe hata robo saa anywe maji.

Hivi vya ng'ambo ya bahari navisikiliza jioni. Deutsche Welle wana Maoni Mbele ya Meza ya Duara, mazungumzo ya kukaa chini hasa, watu wanne na muda wa kutosha. Januari 2025 Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, na askari wetu wakiwemo kwenye kikosi cha SADC huko Kongo, ndipo nilipothamini mtu anayeweza kueleza jambo kuanzia shinani. Na uzuri mwingine ni kusikia Kiswahili cha Kongo, cha Nairobi na cha Dar vikigombana mezani bila mkalimani. Tatizo la meza hiyo ni kwamba wote wamesoma. Muuza ndizi hakai pale. Sauti ya Amerika nayo nilikuwa naifuata kwa Kwa Undani, mpaka katikati ya Machi 2025 Washington walipozima idhaa yao, pakawa kimya. Nilidhani ni mwamvuli umelegea. Nikaukaza siku mbili nzima kabla sijaambiwa.

Sasa nije kwenye kilichoniudhi. Kituo sikitaji, wala si hivyo nilivyovitaja.

Ilikuwa Januari, mwezi wangu. Mada: kwa nini mzazi alazimishwe kununua sare dukani kwa shule? Jamani, mada imenikuta mahali pangu, chaki mkononi. Nikapiga. Namba inatumika. Nikapiga tena. Mara ya nane ikapokelewa, kijana akasema, "Subiri mama, usikate, punguza sauti ya redio yako." Neema akapunguza. Nikasubiri dakika kumi na nne, nimeshika simu kwa bega, naona vocha inavyoyeyuka, na kwenye sikio nasikilizishwa tangazo moja mara tatu, la dawa ya mgongo, miguu kufa ganzi na heshima ya ndoa.

"Haloo, tunaye mama kutoka Himo! Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni fundi, nashona sare mwaka wa kumi na tisa. Kila mtu anaongelea bei. Tatizo si bei peke yake, tatizo ni pindo."

"Pindo?" Nikasikia mtu wa pili studio anacheka.

"Ndiyo, pindo. Sketi ya dukani wanaacha pindo la kidole kimoja, ili kitambaa kitoke sketi nyingi. Mtoto wa darasa la tatu anakua. Ukishonesha kwa fundi wako anakuachia pindo la vidole vinne, ndani, na kiunoni anakuachia..."

"Kwa hiyo mama, kwa kifupi, unawashauri nini wazazi?"

"Nafika hapo, mwanangu. Kiunoni anakuachia..."

Muziki. "Mtandao nao jamani, tumempoteza mama wetu wa Himo."

Hawakunipoteza. Nilikuwepo, nimeshika simu, nasema haloo. Kisha akapewa nafasi mgeni aliyealikwa, akazungumza dakika tisa juu ya mnyororo wa thamani katika sekta ya mavazi, na neno pindo hakulitaja hata mara moja. Nikashona mikanda sita ya sketi bila kuinua kichwa.

Nilichokusudia kusema ni hiki, na kwa kuwa hapa hakuna muziki nitakimaliza. Kiunoni fundi anakuachia nafasi ya mshono nyuma, inchi moja kila upande, na anaweka vifungo viwili badala ya kimoja. Mwaka wa pili unaachia pindo nusu, unahamia kifungo cha nje. Mwaka wa tatu unaachia pindo lote na kufumua ule mshono wa nyuma. Sketi moja inakula miaka mitatu, na ikimshinda huyu anapewa mdogo wake, unapandisha pindo upya. Ukisema mzazi achague fundi hujadili bei ya leo tu, unajadili mwaka wa tatu. Ndiyo hivyo tu. Yalikuwa maneno ya dakika moja na nusu.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja kutoka Kilema na binti zake watatu. Akakaa kwenye benchi, akanisikiliza naongea na mteja mwingine, akasema, "Samahani, wewe siye yule mama wa pindo?" Nikamwambia ndiye. "Walikukata. Ulikuwa unasema kiunoni fundi anaacha nini?" Nikamwambia huku namzungushia futi mkubwa wao.

Kwa hiyo mtu husikilizwa hata kwa nusu sentensi. Ndiyo maana hasira zangu hazikufika mpaka kuzima redio.

Jioni moja, nadhani ni mwezi wa sita kwa sababu nilikuwa nimevaa sweta, nilikuwa kwenye kituo kidogo cha mkoani, cha aina ile ambayo mtangazaji ndiye fundi mitambo na ndiye anayefunga geti. Kijana mwenye sauti ya chini. Mada ilikuwa mahari, mada ambayo kila redio huiokota ikikosa mada, na kwa kawaida inaishia kwenye utani wa mabinti wanauzwa au hawauzwi. Wakapiga wanne watano, maneno yale yale. Kisha akapiga mzee mmoja kutoka Upareni. Hakusalimia mtu. Akasema yeye alioa kwa mahari ya kulipa kidogo kidogo, kama wengi, na miaka ikapita, watoto sita, wakwe wakasahau na yeye akasahau. Mkewe alipofariki, ukoo wa mkewe ukakaa kikao. Wakasema mtoto wetu hazikwi kwako deni likiwa limebaki.

Mguu ukasimama.

Mtangazaji hakusema "pole sana mzee" ile ya haraka ya kuruka kwenda simu nyingine. Hakusema kitu. Redio ikawa kimya kabisa, sekunde nne, tano, sita, mpaka nikaangalia mwamvuli. Halafu akauliza kwa upole, "Ulimaliza, mzee?"

"Nilimaliza. Alibaki mbuzi mmoja. Walinihurumia, wakasema tumzike, mbuzi nitampeleka baadaye."

"Ukampeleka?"

"Bado. Kila nikimfunga kamba naona nikishampeleka ndiyo basi, sina tena la kunipeleka kule. Yuko hapa nje. Huyo, msikie."

Na kweli, kwa mbali, kwenye ile redio ya elfu ishirini na tano isiyo na besi, tukamsikia mbuzi.

Kijana akamuuliza jina la mke. Mzee akalitaja. Basi akasema, "Asante, mzee," akaacha tena kimya kidogo, na hakupokea simu nyingine. Akaweka wimbo wa taratibu bila kuutangaza. Neema alikuwa amekaa juu ya rundo la nguo za watu, nguo zilizopigwa pasi, na sikumkemea.

Yule kijana hakuwa na mgeni mwalikwa wala jopo. Alichokuwa nacho ni kujua lini anyamaze, na swali la maneno mawili. Ukinipa vituo vyote nilivyovisikiliza miaka kumi na tisa, vyenye mitambo mikubwa na watangazaji wanaojulikana mpaka sura, jioni ile naiweka juu. Kituo chenyewe kinakoroma mvua ikinyesha, na saa mbili usiku kinahama kwenda mahubiri katikati ya sentensi. Ukitaka kukipata njoo kibarazani nikuonyeshe mahali pa kuusimamisha mshale, maana kama nilivyosema mshale ni mwongo.

Kwa wale wanaouliza vitu vya kawaida: redio yenyewe nunua, ila usinunue betri za bei ya chini, zinavuja na kula shaba. Vipindi vya asubuhi ni vya kusikilizia huku ukifanya kazi isiyo na vipimo, kama kushona pindo au kuchambua maharage. Usikate kitambaa. Mada za ndoa na mirathi usizisikilize ukiwa na mkasi kabisa. Ukipiga simu, weka vocha ya kutosha matangazo matatu, na anza na hoja.

Jana kile kituo kilichonikata wametangaza Jumatatu wanarudia mada ya sare, kwa kuwa shule zinakaribia kufunguliwa. Nimeweka vocha ya elfu tatu. Neema nimempa kazi ya kupunguza redio na kushika saa. Sentensi nimeshazipanga, nimeziandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia ili nisitoke nje: kifungo cha pili, mshono wa nyuma, mwaka wa tatu. Salamu kwa watu wa Kilema nitaziweka mwisho, wakiniachia nafasi.